Naivasha: Maji ya maua yanatoka kwa mkulima wa viazi

Ukame wa 2009 ulilishusha Ziwa Naivasha hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Februari 2010, samaki wakaanza kuelea wakiwa wamekufa. Wavuvi walilaumu mashamba ya maua, wengine wakasema maji yalikosa oksijeni. Vyovyote vile, mashamba yalikuwa pabaya, maana wanunuzi wao Ulaya walisoma habari hizo hizo.

Shamba la maua linaweza kubana maji na kusafisha majitaka yake, na bado likakwama. Maji mengi ya ziwa huletwa na Mto Malewa kutoka milima ya Aberdare. Huko juu kuna wakulima wadogo wa viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Wakilima hadi ukingoni mwa mto, mvua inabeba udongo na mbolea moja kwa moja hadi ziwani.

Kwa hiyo mdau mkubwa hakuwa jirani wala mfanyakazi. Alikuwa mlimani, na hakuwa na sababu ya kuwaza maua ya mtu.

Mashirika ya WWF na CARE yakawakutanisha kupitia vyama vya watumiaji maji. Mkulima apande majani ya ng'ombe na miti kwenye miteremko, aache ukingo wa mto bila kuulima. Watumiaji maji wa chini, mashamba ya maua yakiwemo, wachange. Mwaka 2010 wakulima wa kwanza wakapata vocha za kununulia pembejeo dukani.

Pesa ngapi? Chini ya dola 20 kwa mwaka. Ni pesa ya chai tu, na kwa biashara inayosafirisha maua kwa ndege, inatia aibu kidogo. Kilichowabakiza wengi ni yale majani: ng'ombe walishiba, maziwa yakaongezeka, udongo ukabaki shambani. Kampuni nyingi zinazoita "kikao cha wadau" hotelini, chakula, picha, kwaheri, hazifiki hapo. Haziulizi mkulima atapata nini akirudi nyumbani.

Mchango ulikuwa wa hiari tangu mwanzo. Mwaka 2020 ziwa lilifurika hadi kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto. Ni vigumu kumshawishi mwenye shamba la maua achangie mlima wakati maji yamemfika mlangoni.