Siku zikikosekana, tupime na sukari

Wamama wenzetu, binti akikaa miezi mitatu bila kuona siku zake, na ndevu zinaota kidevuni, hapa Fungurume tunawaza mimba ama ulozi tu. Huenda ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linasema unashika wanawake wengi wenye umri wa kuzaa. Kwa wengi wao insulini haifanyi kazi vizuri, na ugonjwa wa sukari unaweza kuwafikia wangali vijana. Basi tukimpeleka kituo cha afya, tuombe apimwe sukari pia, kisha tena kila baada ya mwaka 1 mpaka 3. Nyumbani, bukari ipungue, mboga ziongezeke. Tusimcheke: akiona haya, atajificha na ugonjwa wake.