Tuwashushe Vijana Wetu Mchangani

Ukienda kuwatazama wanafunzi wetu wakicheza mpira wa wavu, uwe Musoma, Bunda au Butiama, tazama magoti yao kabla hujautazama mpira. Mengi yana makovu. Kiwanja cha shule zetu nyingi ni ardhi ya changarawe iliyosawazishwa kwa jembe, mistari ya majivu au chokaa, na nguzo mbili za miti. Ulimwenguni mchezo huu wa watu sita huitwa wa ndani kwa sababu huchezwa ukumbini, juu ya sakafu laini. Kwetu “ndani” hiyo ni juani, juu ya kokoto. Mtoto akijirusha mara moja kuokoa mpira, akainuka ngozi imechunika, mara ya pili hajirushi. Husimama akauangalia mpira ukitua, na mwalimu aliye kando ya mstari humkemea kwamba ni mvivu.

Si mvivu. Ardhi imemfundisha kuogopa kuanguka, na somo hilo amelishika vizuri kuliko masomo yetu yote.

Nimesimama kando ya mistari ya namna hiyo miaka mingi, na kemeo hilo nimelitoa mimi mwenyewe, tena kwa watoto ambao leo ningewaomba radhi. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu wa michezo, wazazi, na viongozi wa halmashauri zetu wanipe sikio. Mungu ametupa Ziwa Victoria, na kando ya ziwa ametupa mchanga. Tuwashushe vijana hawa mchangani, wajifunze mpira wa wavu wa ufukweni. Sisemi wauache ule wa watu sita. Nasema mchanga utawarudishia kile ambacho viwanja vyetu vimewanyang’anya.

Mchezo wenyewe si mgeni kama wengi wanavyodhani. Mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 na William Morgan, mwalimu wa michezo katika mji wa Holyoke, Marekani. Uliingia Michezo ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964, na ndugu yake wa mchangani akaingia Atlanta mwaka 1996. Katika mashindano hayo ya Atlanta, mmoja wa waliovaa dhahabu ya mchangani alikuwa Karch Kiraly wa Marekani, ambaye tayari alikuwa na dhahabu mbili za ukumbini, ya 1984 na ya 1988. Namtaja kwa ajili ya wale wanaosema kwamba mchanga humharibu mchezaji wa watu sita.

Lakini tusiende mbali hivyo. Majirani zetu wameshatutangulia. Kenya ilipeleka timu yake ya kwanza ya wavu wa ufukweni katika Olimpiki ya Tokyo, ile iliyochezwa mwaka 2021. Walikuwa akina dada wawili, Gaudencia Makokha na Brackcides Agala, na wote wawili walikuwa wachezaji wa watu sita kabla ya kuvua viatu. Walipoteza mechi zao zote tatu, dhidi ya Brazil, Marekani na Latvia. Kupoteza huko mimi sikuoni kuwa aibu, maana ili upoteze kwa Brazil katika Olimpiki ni lazima kwanza uwe umefika. Rwanda, nchi isiyo na bahari, iliandaa mashindano ya mzunguko wa dunia mwaka 2019 mjini Rubavu, kwenye mchanga wa Ziwa Kivu; na mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, wanaume wawili wa Rwanda walifika nusu fainali wakamaliza wa nne. Waganda nao huucheza Entebbe, kando ya ziwa hilihili letu. Maji yanayogusa Entebbe ndiyo yanayogusa Makoko, Musoma. Kuna nini basi ng’ambo ile ambacho upande huu hakipo?

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa sekondari yafaa walijue. Tangu Nanjing mwaka 2014, Michezo ya Olimpiki ya Vijana haina tena mpira wa wavu wa ukumbini. Ina wa mchangani peke yake. Na michezo hiyo ya mwaka 2026 imepewa Dakar, Senegal, mara ya kwanza kwa Afrika. Kijana wa mkoa wetu wa Mara anayecheza vizuri sana wavu wa watu sita, hata akiwa bora kuliko wenzake wote wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, hana mlango wa kuingilia humo kama hajawahi kukanyaga mchanga.

Sasa niseme mchanga hufanya nini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kiwanja cha watu sita kina mita 9 kwa 9 kila upande, ambazo ni mita za mraba 81. Gawa kwa sita: kila mmoja ana 13 na nusu za kulinda. Cha mchangani kina mita 8 kwa 8, yaani 64, nao ni wawili. Kila mmoja ana 32. Hakuna wa akiba anayeingia, na wavu ni uleule, mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Katika watu sita, mtoto dhaifu anaweza kumaliza seti nzima bila kuugusa mpira, akasimama tu katikati ya wenzake kama mgeni msibani. Mchangani, wapinzani humtafuta yeye. Kila mpira unaoanzishwa unamwendea. Mechi tatu za kwanza ataumia moyo. Ya kumi atakuwa ameupokea mpira mara nyingi kuliko alivyoupokea mwaka mzima shuleni.

Tuna desturi mbaya, na naisema kwa uchungu. Mtoto mrefu akionekana darasani, tunamweka wavuni apige na kuzuia, basi. Mfupi tunamwambia abaki nyuma aokoe. Mmoja anakua hajui kupokea, mwingine anakua hajui kupiga, na ikifika siku ya kuchagua timu ya mkoa tunashangaa kwamba hatuna mchezaji aliyekamilika. Mchangani desturi hiyo haina pa kukaa. Aliyepokea ndiye mwenzake atakayempangia, ndiye atakayepiga, ndiye atakayerudi kulinda. Mikono yake ikigusa mpira katika kuzuia, huo umehesabiwa mguso wa kwanza, imebaki miwili. Kuudokoa mpira kwa ncha za vidole ili uangukie nyuma ya wazuiaji, hila tunayoipenda sana kwenye viwanja vya shule, hairuhusiwi. Inampasa afikirie.

Butiama wazee wanakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere alivyopenda bao. Mcheza bao mzuri haangalii shimo moja. Macho yake huona mashimo yote kwa pamoja, na akili yake iko mizunguko kadhaa mbele ya mkono. Mchezaji wa mchangani hulazimika kuwa hivyo. Upepo wa ziwa nao ni mwalimu. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, nao huubeba mpira kama jani. Ndiyo maana timu hubadilishana pande kila pointi za pande zote mbili zikijumlishwa zikafika 7, au 5 katika seti ya tatu, ili upepo na jua visimwonee mtu. Mtoto aliyezoea kupanga mpira katika upepo wa Mwigobero atauona mpira wa ukumbini umetulia kama uliofungwa kamba.

Na sisi walimu mchanga utatufundisha kunyamaza. Kwa miongo mingi kanuni za mchezo huu zilimzuia kocha kuelekeza wakati wa mechi, nasi tuishike desturi hiyo. Wale wawili hushauriana wenyewe, hukosana wenyewe, hupatana wenyewe kabla ya mpira unaofuata. Kijana wa miaka 14 aliyezoea kugeuza shingo kumtazama mwalimu kila baada ya pointi atapotea siku za kwanza. Tumwache apotee kidogo.

Wazazi nawasikia. Mzazi wa kwanza anasema ziwa lina mamba na viboko, na lina kichocho. Anasema kweli, na mwalimu atakayempuuza hastahili kukabidhiwa mtoto. Lakini kichocho huingia mwilini kwa ngozi iliyogusa maji yenye vimelea vinavyotoka kwa konokono. Hakikai katika mchanga mkavu. Kiwanja kiwe juu, mbali na maji, na upande wa ziwa zifungwe nyavu kuukuu za wavuvi ziwe ukuta wa kuzuia mpira. Mpira ukivuka, mtoto asiufuate. Kuogelea baada ya mazoezi kusiwepo kabisa, na hilo lisemwe kila siku bila kuchoka.

Mzazi wa pili anahofia mavazi ya binti yake, kwa yale aliyoyaona kwenye televisheni. Mzazi huyo nampa jina la Doaa Elghobashy wa Misri, aliyecheza Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa amejifunika kichwa kwa hijabu, mikono na miguu imesitiriwa. Kanuni zinaruhusu. Binti wa Nyasho au wa Kibara atacheza kwa suruali yake ya michezo na fulana, na hakuna mwamuzi atakayemzuia.

Viongozi wa halmashauri huuliza gharama. Kwa shule zilizo kando ya ziwa, gharama iko wapi? Mchanga upo. Musoma ni mji wa watu wanaoshona na kurekebisha nyavu mchana kutwa. Mji huo ushindwe kupata wavu wa urefu wa mita 8 na nusu na upana wa mita moja? Mistari ni kamba. Mpira uleule wa shule unatosha kuanzia, ukipunguzwa upepo kidogo, kwa kuwa wa mchangani hujazwa pungufu ya ule wa ukumbini. Nguzo ziwe za kung’olewa jioni. Tena ni bora zisiwe za zege: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020, kisha tena 2024, tuliona kwa macho yetu maji yakipanda na kumeza fukwe tulizozizoea. Atakayejenga kwa saruji mchangani atakuwa amejenga kwa ajili ya samaki.

Lipo jambo moja ambalo wenye haraka hulisahau. Mchanga huo una wenyewe. Mwaloni ndipo akina mama wanapoanika dagaa, na dagaa hao ndio karo na unga wa hao watoto tunaotaka wacheze. Mwalimu asifike na wavu begani kama mtu aliyepewa hati. Aende kwanza kwa uongozi wa mwalo, akae, awaeleze, akubali saa atakayopewa. Nao wachezaji, kabla ya kucheza, wapite mstari mmoja wakiokota ndoano, vipande vya chupa na mifupa ya samaki. Wanacheza pekupeku. Kazi hiyo ya kusafisha mwalo ikifanywa kila wiki, ndiyo itakayowapa ruhusa kuliko barua yoyote.

Kwa Bunda, wa Guta, Kibara na Kisorya wana ufukwe wao wa Ghuba ya Speke, wala sina la kuwaongezea. Wa Bunda mjini na wa Butiama hawana, na haifai wabaki watazamaji. Kiwanja kamili cha mchanga wenye kina cha sentimita 40, chenye nafasi ya mita 3 kila upande, kinataka zaidi ya mita za ujazo 120, ambazo ni safari nyingi za tipa. Hilo ni la halmashauri na la wenye mapenzi mema, si la mwalimu. Mwalimu aanze na kile alichonacho. Shule nyingi zina shimo la mchanga la kurukia miruko, limeota majani likingoja siku ya mashindano. Litifuliwe. Humo hutafundisha mechi, lakini utafundisha kuanguka: mtoto arushiwe mpira mbele yake, ajitupe, ainuke hana jeraha, arudie mara ishirini. Baada ya wiki mbili za shimo hilo, mpandishe gari siku moja ya likizo umpeleke ziwani. Julius Nyerere alikuwa na miaka 12 alipotoka Butiama mwaka 1934 kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, kufuata kilichokuwa hakipo kwao. Njia hiyo ya watoto wa Butiama kuja Musoma kujifunza si ngeni.

Tusiwaanzishe wawili kwa wawili siku ya kwanza. Wacheze wanne kwa wanne, kiwanja kidogo, wadake mpira na kuurusha kabla ya kuupiga, kisha watatu, wawili wafuate miguu ikishauzoea mchanga. Wavu ushushwe: mita 2 kwa wa miaka 12 na chini, 2.12 kwa wa 14, 2.24 kwa wa 16, wavulana kwa wasichana. Mchana mchanga wa kwetu huunguza nyayo, kwa hiyo iwe asubuhi au jioni, na maji ya kunywa yawepo.

Mipira ya shule, UMISSETA ikimalizika, hufungiwa stoo mpaka mwaka mwingine. Naomba mwaka huu funguo zisipotee. Jumamosi, ikifika saa kumi na moja jioni, dagaa huwa wameshaanuliwa, upepo umeanza kulegea, na mchanga uko wazi mpaka giza liingie.