Uongo wa Kulipiwa Hautibiwi kwa Semina

Oktoba 20, 2024, Wamoldova walipopiga kura ya maoni kuhusu kujiunga na Umoja wa Ulaya, mwandishi wa BBC alimsikia mwanamke mmoja, akiwa ametoka tu kutumbukiza karatasi yake sandukuni, akimuuliza mwangalizi wa uchaguzi malipo yake atayapatia wapi. Alipofuatwa nje alikiri bila haya kwamba aliahidiwa fedha. Kilichomkera ni kwamba aliyemtuma hapokei tena simu.

Mama huyo angefundishwa nini kwenye semina? Swali hilo linafaa kuulizwa, kwa sababu imani iliyoenea katika nchi changa za kidemokrasia na kwa wafadhili wao ni kwamba upotoshaji hustawi kwa kuwa wananchi hawajui kupambanua kweli na uongo. Basi wafundishwe. Inakodiwa hoteli, karatasi ya mahudhurio inasainiwa, chai ya saa nne inanyweka, posho inatoka, ripoti inaandikwa kwamba watu kadhaa wamejengewa uwezo. Ni imani tamu, maana haimgusi mwenye fedha hata mmoja. Mkosaji ni msomaji.

Moldova, nchi yenye watu wasiofika milioni tatu, inaonyesha jinsi imani hiyo ilivyo butu. Kinara wa mtandao uliopigana na kura hiyo ni Ilan Șor, tajiri aliyehukumiwa miaka 15 bila kuwapo mahakamani, kwa wizi wa dola bilioni moja zilizochotwa katika benki za nchi hiyo mwaka 2014. Akiwa Moscow, aliwaahidi watu fedha hadharani kupitia Telegram. Polisi walisema kwamba Septemba 2024 pekee zaidi ya dola milioni 15 zilitumwa kutoka Urusi kwa Wamoldova zaidi ya 130,000. Upande wa ndiyo ulishinda kwa kura takriban 10,500 tu.

Miezi sita kabla ya hapo, uwanja wa ndege wa mji mkuu, Chișinău, ulikuwa na kioja chake. Kundi la abiria lilirejea kutoka mkutano wa Șor mjini Moscow, wengi wakiwa na bahasha za fedha taslimu zisizofika yuro 10,000, kiwango ambacho mtu haruhusiwi kukivuka bila kutoa taarifa forodhani. Mmoja akiwa nazo, sawa. Kundi zima? Maofisa walikamata takriban dola milioni moja katika tukio hilo, na hawakuhitaji kipeperushi cha kufundisha watu kusoma habari kwa makini.

Serikali ilijaribu pia njia ya mkato. Desemba 2022 ilisimamisha leseni za vituo sita vya televisheni, hatua iliyolalamikiwa hata na baadhi ya watetezi wa uhuru wa habari, nayo propaganda ikahamia Telegram na TikTok. Kuziba mdomo mmoja huku mfuko ukiachwa wazi ni kazi bure. Waliofukua mfuko wenyewe, pamoja na polisi, ni waandishi wa gazeti la Ziarul de Gardă waliojipenyeza ndani ya mtandao wa Șor. Mafunzo ya uandishi wa namna hiyo yana maana, na mfadhili anayeyalipia hapotezi fedha yake.

Umoja wa Ulaya ulipeleka Moldova ujumbe wa washauri wa kiraia mwaka 2023, na kuna wanaouona kama mkono wa mkoloni. Lakini fedha zilizovuka mpaka hazifuatiliki na polisi wa ndani peke yao. Benki iko Moscow, mtandao wa matangazo uko California, mpokeaji yuko kijijini. Hapo ndipo ushirikiano wa kimataifa unapopata kazi ya kufanya.

California yenyewe haijatoa sababu ya kuaminiwa. Marekani ilimwekea Șor vikwazo Oktoba 2022, na bado matangazo yake yaliendelea kuonekana Facebook kwa muda. Mwaka huohuo, kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu kampuni hiyo kwa matangazo ya uchochezi wa kikabila, kwa Kiingereza na Kiswahili. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa kasoro za sarufi na matusi, yakarekebishwa kidogo, nayo yakapita. Mpiga kura wa Nakuru alikosea wapi hapo?

Agosti 2025 mahakama ya Chișinău ilimfunga miaka saba Evghenia Guțul, kiongozi wa wakati huo wa jimbo la Gagauzia, kwa kuingiza fedha haramu za chama cha Șor kutoka Urusi. Kenya inarudi kwenye sanduku Agosti 2027. Semina zitakuwapo, hilo halina shaka. Wafadhili waulizwe mapema nani atazibana kampuni za mitandao zitoe orodha ya waliolipia matangazo, na benki gani zitaombwa kufungua vitabu.