Koti Kwanza, Nishani Baadaye

Kiswahili hakina neno lake mahsusi la msimu wa theluji. Tuna kipupwe, ule ubaridi wa Juni na Julai unaomfanya mtu wa pwani atafute shuka la pili alfajiri. Lakini kwa ile miezi ambayo ziwa zima huganda hadi gari likapita juu yake, tunasema tu "majira ya baridi", basi. Huenda ndiyo sababu habari za vita vya theluji hutufikia kama habari za miujiza: watu walikaa katika baridi isiyosimulika, hawakukimbia, kwa hiyo walikuwa mashujaa, na mjadala umekwisha. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya askari hao, nami nalifungua kwa kuipinga namna hiyo ya kuwasifu. Ushujaa wao ni wa kweli, sina shaka nao. Ninachokikataa ni kuutumia kueleza nani alirudi nyumbani na nani alibaki mlimani, kwa sababu kila tunapofanya hivyo kuna mkubwa fulani anayeokoka kuulizwa maswali.

Kielelezo changu ni mapigano ya bwawa la Chosin, kaskazini mwa Korea, kuanzia tarehe 27 Novemba hadi 13 Desemba 1950. (Wakorea huliita Jangjin. "Chosin" ni matamshi ya Kijapani, mabaki ya ramani za wakoloni ambazo ndizo Wamarekani walizokuwa nazo.) Siku tatu kabla, Jenerali Douglas MacArthur, kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, alikuwa ameanzisha mashambulizi aliyotarajia yamalize vita, vijana warudi kwao Krismasi. Askari wapatao 30,000 wa Umoja wa Mataifa, wengi wao wa Divisheni ya 1 ya Marine ya Marekani, walikuwa wametawanyika kwenye barabara moja nyembamba ya mlimani iliyotoka bandari ya Hungnam hadi kijiji cha Yudam-ni, zaidi ya kilomita 120. Usiku ule wa tarehe 27 wakavamiwa na majeshi ya China yaliyoongozwa na Song Shilun, ambaye kwa jumla alikuwa na watu karibu 150,000. Baridi ya usiku ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri na kuzidi. Mafuta ya bunduki yaliganda. Plasma ya damu iliganda. Waganga wa kikosi walitembea na vibomba vya mofini mdomoni ili dawa isigeuke barafu kabla ya kumfikia majeruhi. Chakula cha makopo kilicholiwa kikiwa kimeganda kiliharibu matumbo, hata wengi wakaishi kwa peremende, ambazo angalau ziliyeyuka kinywani. Viatu navyo vilikuwa mtego: chini mpira, juu ngozi, hewa haipiti. Askari akitembea, miguu inatoka jasho. Akisimama, jasho linaganda na vidole vinakufa. Dawa yake ilikuwa soksi kavu, zilizokaushwa tumboni chini ya shati, pamoja na kiongozi wa kikosi mwenye roho ngumu ya kumwamsha mtu aliyekwishachoka kupita kiasi, amwamuru avue viatu gizani na abadilishe. Kazi hiyo inafanana zaidi na ya mama anayeosha watoto kabla ya kulala kuliko picha zilizomo katika nyimbo za vita. Hata hivyo, ndiyo iliyoamua nani angetembea kesho yake. Na hata kwa jeshi lililokuwa na soksi za akiba, divisheni ile iliandikisha zaidi ya watu 7,000 walioathirika nje ya mapigano, wengi wao kwa baridi.

Sasa tuvuke upande wa pili. Askari wa Song Shilun walitoka mashariki mwa China, ambako walikuwa wakiandaliwa kuivamia Taiwan. Walipakiwa kwenye treni na kuvushwa mpakani kwa haraka, wengi kabla hawajagawiwa sare za baridi kali. Waliingia milimani na makoti ya pamba yasiyo mazito na viatu vya turubai. Kwa kuziogopa ndege walitembea usiku na kujificha mchana bila kuwasha moto, wakitafuna viazi vilivyoganda. Methali yetu inamwahidi mvumilivu kula mbivu. Hawa walivumilia mpaka mwisho, na mbivu yao ilikuwa kiazi kigumu kama jiwe. Kwa hesabu za Wachina wenyewe, karibu watu 30,000 waliumizwa na baridi na zaidi ya 4,000 wakafa kwayo. Kuna kombania zilizokutwa zimelala kwenye mavizio yao, kila mtu mahali pake, bunduki zimeelekezwa barabarani, na hakuna aliye hai. China huwakumbuka kwa heshima kubwa, na filamu ya mwaka 2021 kuhusu vita hivyo, iliyovunja rekodi ya mapato ya sinema nchini humo, imewarudisha mbele ya macho ya kizazi kipya. Hakuna askari wa Marekani aliyewashinda watu hao kwa moyo. Kama moyo ndio unaoamua, wao ndio wangekuwa wa mwisho kufa.

Kilichoamua tunakiona vizuri katika mwendo wa mtu mmoja. Oliver P. Smith, kamanda wa divisheni ya Marine, alihimizwa na mkuu wake, Jenerali Edward Almond, akimbilie mto Yalu, mpakani na China. Smith akajikokota. Tarehe 15 Novemba alimwandikia mkuu wa Marine huko Washington akieleza wasiwasi wake juu ya kuvitawanya vikosi milimani katika msimu kama ule. Akalundika risasi na chakula katika kijiji cha Hagaru-ri, akaagiza pachimbwe uwanja wa ndege kwenye ardhi iliyoganda, wahandisi wakifanya kazi mpaka usiku kwa mwanga wa taa. Mtu aliyesimama pembeni angeweza kabisa kumwita mwoga. Ndege ya kwanza ilitua tarehe 1 Desemba, na kufikia tarehe 6 zaidi ya majeruhi na wagonjwa wa baridi 4,000 walikuwa wameondolewa kwa njia hiyo. Daraja lilipobomolewa kwenye mteremko wa Funchilin na barabara ya kutokea ikakatika, vipande vinane vya daraja jipya viliangushwa kwa miamvuli, na divisheni ikapita na magari yake. Ningetoa nishani kwa ule mwendo wa kinyonga kabla ya kuitoa kwa jambo lingine lolote lililotokea pale.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Upande wa mashariki wa bwawa kulikuwa na Wamarekani wengine, kikosi cha jeshi la nchi kavu cha watu wapatao 3,200, wakiwemo Wakorea karibu 700. Nao walikuwa wa jeshi lilelile tajiri, lenye ndege na mizinga. Mbona wao walisambaratishwa kufikia usiku wa tarehe 1 Desemba, wakafa karibu 1,000, na walionusurika wakivuka ziwa lililoganda wakabaki 385 tu wanaofaa kupigana? Kwa miaka mingi jibu lililotolewa, mara nyingi kwa kunong'ona, lilikuwa kwamba hawakuwa na moyo wa Marine. Jibu hilo ni la aibu. Kikosi kile kilisukumwa mbele kwa pupa kabla hakijakamilika, kikiwa hakina mawasiliano ya redio ya moja kwa moja na Marine waliokuwa ng'ambo ya bwawa. Tarehe 28 Novemba, baada ya usiku wa kwanza wa mauaji, Almond alishuka hapo kwa helikopta, akamwambia Luteni Kanali Don Faith, mmoja wa makamanda wa kikosi hicho, kwamba walio mbele yake ni mabaki ya adui anayekimbia, akamvisha nishani akaondoka. Walioshuhudia walisema Faith aliing'oa nishani ile akaitupa kwenye theluji. Aliuawa siku chache baadaye akiongoza watu wake. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kikosi hicho kiliwazuia Wachina wengi ambao wangeiangukia Hagaru-ri wakati uwanja wa ndege haujakamilika, na mwaka 1999 kikapewa rasmi tuzo iliyokuwa imepewa Marine. Miaka 49 ilipita kabla ya watu kukubali kwamba kilichokosekana mashariki ya bwawa hakikuwa ujasiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. China ilishinda: majeshi ya Umoja wa Mataifa yalifukuzwa Korea Kaskazini, na yasingefukuzwa kama Song Shilun angekaa akisubiri makoti. Inawezekana. Sitajifanya kuwa wiki mbili za kungoja zisingekuwa na gharama yake. Lakini basi na isemwe wazi kwamba viongozi waliamua kuununua muda kwa vidole na roho za vijana, tuijadili bei hiyo. Jeshi lile lilichakaa kiasi kwamba miezi ilipita kabla halijarudi vitani. Sifa za ushujaa, zikitangulia, huufunika mjadala huo. Wala sisemi kwamba koti hupigana lenyewe. Kapteni William Barber alishika njia ya mlima ya Toktong na kombania moja kwa siku tano, akiamrishia kwenye machela baada ya kujeruhiwa mguu, na bila watu wa aina yake maghala yote ya Hagaru-ri yasingefaa kitu. Lakini hata Barber aliangushiwa risasi na ndege, na mizinga ya Hagaru-ri ilimlinda usiku. Moyo wake ulipata pa kuegemea.

Uokoaji kwa meli kutoka Hungnam ulikwisha tarehe 24 Desemba. Askari wapatao 105,000 waliondoka, na raia zaidi ya 90,000 pamoja nao. Meli moja ya mizigo, Meredith Victory, yenye nafasi ya abiria 12, ilibeba watu wapatao 14,000. Wazazi wa Moon Jae-in, aliyekuja kuwa rais wa Korea Kusini, walikuwamo. Raia hao waliishi katika baridi ileile, wakiwa na watoto mgongoni, na hakuna aliyewafikiria wakati wa kugawa nishani. Kurasa zinazofuata zina askari wengi, wa vita tofauti na bendera tofauti. Ukikutana nao, msomaji, anza kwa kuwatazama miguuni.