Usifungue kila dirisha kwa sudo

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliharibu kompyuta ya shule moja huku Mtwara, na kosa lilikuwa langu. Mashine ya zamani, ina Ubuntu 16.04. Nilitaka kuweka notsi za kidato cha tatu kwenye folda ya pamoja, ikanikatalia. Sikutaka maneno mengi. Nikaandika sudo, yaani nifanyie hili kama root, msimamizi mkuu wa mashine, kisha jina la programu ya kufungulia mafaili. Dirisha likafunguka, kila kitu kikakubali. Raha tupu!

Kesho yake naweka paswedi, skrini inazima kidogo, inanirudisha palepale pa paswedi. Mara tano. Darasa zima linanitazama.

Kumbe programu yenye madirisha haifanyi lile jambo moja tu ulilolitaka. Ikifunguka inaandika vifaili vyake vilivyofichwa ndani ya folda yako. Ukiifungua kama root, vifaili hivyo vinaweza kuwa mali ya root. Kimoja kinaitwa .Xauthority, na kwenye mashine ile, usipokimiliki huingii. Fundi alipitia skrini nyeusi ya maandishi, akakirudisha kwangu kwa amri ya chown, kwisha. Kipindi changu nacho kilishakwisha.

Wenzangu mtasema kompyuta ni yetu, mbona tunabanwa? Ni kweli, Ubuntu 18.04 ilipotoka mwaka 2018 bila gksu, ile iliyokuwa inafungua madirisha kwa mamlaka ya root, wengi walinung'unika. Mimi nawaunga mkono waliyoiondoa. Ukimtuma kijana gunia moja la korosho, humwachii funguo za ghala zima mpaka jioni. Kama shida yako ni faili moja la mfumo, tumia sudoedit: inakupa nakala, unaihariri kama mtumiaji wa kawaida, ukimaliza inairudisha mahali pake. Mamlaka ya root yanagusa faili hilo tu.

Na ile karatasi yenye paswedi ya msimamizi, iliyobandikwa ukutani maabara, jamani tuibandue kabla hatujaenda tena mashuleni.

Siku ile mvulana wa dawati la mbele aliniuliza, "Madam, kwani jana ulibonyeza nini?"

Nikamjibu ni umeme.