Delphine na mkungu wa ndizi
KIBARAZANI na Ndeanasia Tarimo

Binti yangu alipokuja likizo alituwekea, mimi na shangazi, filamu ya Kifaransa, Le Rayon vert ya Éric Rohmer, iliyotwaa Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 1986. Delphine, katibu muhtasari wa Paris, anaangushwa na rafiki yake: safari ya Ugiriki imevunjika, likizo imebaki wiki mbili. Anakwenda Cherbourg, anarudi. Anapanda milima ya Alps, anashuka siku hiyohiyo. Anakwenda Biarritz, ufukwe umefurika watu, naye analia.

"Analilia nini?" shangazi akauliza.

"Hana mtu."

"Na wote hao?"

Shangazi ni mjane, anaishi peke yake kihambani, watoto wote Dar. Siku ya soko huteremka Kiboriloni na mkungu mmoja wa ndizi. Niliwahi kumpigia hesabu nikamwonyesha kwamba nauli inameza faida yote. Akanitazama kama mtoto asiyejua biashara. Anachofuata pale ni kuketi na wenzake, huku vijana wa mitumba wakinadi belo jipya, ajue nani kaposwa na nani kazikwa.

Wenzake hao hawamwulizi kwa nini yuko peke yake. Delphine hakupata bahati hiyo. Kila anayemkuta ana dawa mkononi: changamka, tafuta mwanamume. Cherbourg wanamweka kitimoto mezani kwa sababu hali nyama. (Hebu mfikirie Desemba kwetu, ndafu imeshushwa, yeye anaomba majani.)

Tulicheka, lakini mimi kicheko kilinikwama. Desemba hiyohiyo binti anashuka basi la Dar, hajatua begi, tumeshamvaa: umekuja peke yako? Mwenzako yuko wapi? Umri unakwenda, mama. Nawajua wawili waliosingizia zamu za kazi wasije kabisa. Wamekula Krismasi chumbani Dar, peke yao, ili kuwakimbia watu wanaowapenda.

Mwishoni Delphine yuko Saint-Jean-de-Luz na kijana aliyekutana naye stesheni. Wanangoja jua lizame waone mwale wa kijani, ule ambao Jules Verne aliuandikia riwaya mwaka 1882. Anayeuona, husemwa, huusoma moyo wake na wa mwenziwe. Nilidhani shangazi kasinzia. Kumbe yuko macho, kidevu mkononi.

"Huyu anafaa," akasema. "Hajamwuliza habari za nyama."