Timu 20, sufuria moja!

Leo sina habari za mapenzi wala mitindo. Leo ni kabumbu tupu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kijiweni hapa Mnyambe, chini ya mkorosho, tunatafuna ming'oko na kubishana kama kawaida yetu. Mjomba mmoja, mnazi wa Yanga wa kutupwa, akaja na hoja yake: Ligi Kuu irudishwe timu 20, ikiwezekana 24, ili na sisi watu wa Newala na Masasi tupate chetu.

"Mpwa wangu, mlango ukiwa mwembamba, wa nyuma haingii maisha!" Kijiwe kizima kikampigia makofi. Mimi kimya, na si kawaida yangu. Nilikuwa namfikiria binamu yangu.

Jamaa alikuwa kipa bwana, acha mchezo! Mikono kama ndoo. Miaka michache iliyopita ligi moja ya huku chini iliongezwa timu, na timu yake ikapata nafasi. Mtaa ulikesha kwa ngoma. Kumbe tulishangilia njaa. Mechi za ugenini walisafiri juu ya lori la korosho, wakalala kwenye darasa la shule, sakafuni, asubuhi chai kavu. Mechi ya nne hawakwenda kabisa, nauli hakuna. Binamu alirudi na malaria, viatu akamuuzia mtoto wa jirani. Leo anaendesha bodaboda, na ukimtajia mpira anawasha pikipiki.

Sasa tuangalie huko kwa wakubwa. Mwaka 2018 Ligi Kuu ilipandisha timu sita kwa mpigo, zikafika 20. Piga hesabu mwenyewe. Timu 16 zinacheza mechi 240, timu 20 zinacheza 380. Kila timu inatoka mechi 30 hadi 38, na safari za ugenini kutoka 15 hadi 19. Na nchi yetu si kiwanja cha kijiji: Ndanda FC, wana Kuchele, walitoka Mtwara kuifuata Kagera Sugar kule Bukoba, kona hadi kona.

Kasheshe yenyewe ni kwamba msimu huo wa 2018/19 ulianza bila mdhamini mkuu, kwani Vodacom walikuwa wameondoka. Yaani wageni wameongezwa, mchele haupo! Ratiba nayo ikajaa viporo, Simba wakiwa bize na Klabu Bingwa Afrika. Wakubwa wakatia akili: msimu wa 2020/21 timu zikawa 18, na 2021/22 zikarudi 16. Ndanda wetu walikuwa wameshashuka mwaka 2020, baada ya kupanda 2014.

Usidhani ni sisi tu. Majirani zetu Kenya mwaka 2017 walitoka timu 16 hadi 18 kwa ugomvi mkubwa. SuperSport, waliokuwa wanalipia kuonyesha mechi, wakafunga virago mwaka huohuo.

Ukitaka kucheka nenda Marekani. Kule vyuo vina ligi ya mpira wao wa kubeba mkononi, inaitwa Big Ten, yaani Kumi Kubwa. Tangu 2024 ina timu 18! Hesabu wamefeli, lakini mfuko umejaa, kwa sababu televisheni inamwaga mkwanja na vijana wanapanda ndege. Wao wameongeza sahani baada ya kuona sufuria kubwa.

Nilipomwaga hayo yote kijiweni, Mjomba akanikazia macho. "Mbona Namungo walipanda mwaka 2019, ligi ikiwa na hizohizo 20?"

Swali zuri, Mjomba, shikamoo tena. Lakini mwaka ule walipanda wawili tu, Namungo na Polisi Tanzania. Watoto wa Ruangwa waliupigania mlango mwembamba. Msimu wao wa kwanza wakamaliza wa nne, wakafika fainali ya Kombe la FA mwaka 2020, wakafungwa na Simba 2-1. Msimu uliofuata wakaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ruangwa si Ulaya jamani, ni hapo Lindi tu!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: 16 zinatosha. Anayetaka kuongeza timu aanze kuonyesha basi, posho na kitanda cha mchezaji. Fedha za kubeba timu nne za ziada juu zipelekwe kwenye ligi za mikoa, huko ambako kina binamu yangu wanakata tamaa wakiwa na miaka 20. Timu ya Newala ikipanda, ipande imeshiba. Kupanda na njaa ni kwenda kufungwa tano-bila mbele ya nchi nzima, halafu kurudi nyumbani na deni.

Mjomba hakukubali, na mimi sikumlazimisha. Ila tulipoagana alininong'oneza: "Mwambie binamu yako Jumamosi tuna mechi, kipa hatuna." Nimemwambia. Safari hii hakuwasha pikipiki, aliuliza tu: "Nauli nani anatoa?"

Wiki ijayo tukutane hapahapa. Ubaki salama!